Bwana Akishuka Bandari ya Ugenini



Mwezi huu tungependa kuongea na nyumba ambazo bwana ni mwanamaji. Nyumba hizo si chache. Jeshi la Wanamaji la Kenya lilizinduliwa mwezi wa Desemba 1964, na makao yake yako Mtongwe, Mombasa. Tangu hapo vijana wa kutoka bara, ambao wengine hawakuwa wameiona bahari hata siku moja, wameoa, wamezaa, na wameacha wake zao wakihesabu siku za kurudi kwa meli. Siku hizi hata akina mama wako katika kazi hiyo. Basi bibi akiwa ndiye msafiri, yote tutakayosema yanamhusu yeye pia.

Na wewe ambaye bwana wako ni dereva wa lori la masafa marefu, au askari aliyepelekwa nchi ya mbali kulinda amani, usifunge ukurasa huu. Shida ni ile ile: mtu wa ndoa yuko mbali na kwake, ana pesa mfukoni, ana saa chache za kupumzika, na hakuna anayemjua.

Tuanze na mfano. Hatumsemi mtu fulani. Mfano huu tumeutunga sisi wenyewe ili somo lieleweke.

Bwana amekaa baharini miezi mitatu. Siku ya kurudi, bibi amepika pilau na watoto wamevaa nguo za Jumapili. Bwana anaingia na mikoba mizito: mafuta ya kunukia, viatu vya watoto, simu mpya ya mama. Wanacheka na kula pamoja. Usiku ukifika, bwana anasema amechoka. Kesho yake mgongo unamwuma. Wiki ya pili ana zamu ya usiku kambini. Wiki ya tatu bibi amenyamaza, lakini moyoni anajiuliza, "Nimekosa nini mimi?" Bwana naye amelala ameelekea ukutani, macho wazi. Anaukumbuka usiku mmoja katika bandari ya ugenini, usiku mmoja tu. Anaogopa kumkaribia mkewe, na anaogopa zaidi kumwambia sababu.

Watu hawa wawili wanapendana. Tutarudi kwao mwisho wa somo.

KUSHUKA BANDARINI SI DHAMBI

Tuseme hili mapema, ili asiwepo mama atakayetumia somo hili kumkataza bwana wake asishuke melini. Baharia anahitaji kukanyaga nchi kavu. Manowari ni nyumba ya chuma yenye joto na kelele za mashine mchana na usiku. Watu hulala vitanda vya juu na chini, hawana mahali pa kuwa peke yao, na usingizi wao hukatwa na zamu. Mtu akikaa hivyo majuma mengi, akili huchoka kama mwili.

Ndiyo maana mapatano ya kimataifa juu ya kazi za mabaharia wa meli za biashara, yaliyopitishwa mwaka 2006 na kuanza kutumika mwaka 2013, yanasema wazi kwamba baharia apewe nafasi ya kushuka bandarini kwa ajili ya afya yake. Manowari hazimo katika mapatano hayo, lakini sababu ni ile ile. Kanisa nalo linajua hivyo. Utume wa Bahari, ambao leo unajulikana kwa jina la Stella Maris, yaani Nyota ya Bahari, ulianza mjini Glasgow, Scotland, mwaka 1920. Kazi yake ni kuwatembelea mabaharia melini na kuwapa mahali pema pa kupumzika wanaposhuka. Mwaka 1997 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II aliupa utume huo barua yake maalum ya kuuongoza.

Kwa hiyo swali si kama bwana ashuke au asishuke. Swali ni hili: anashuka na nini moyoni, na anafuatana na nani?

KWA NINI BANDARI HUPONZA

Mambo manne hukutana bandarini kwa wakati mmoja. Kila moja peke yake ni dogo. Yakikutana yote, hata mtu mwema huyumba.

La kwanza ni upweke. Mtu aliyekosa sauti ya mkewe na watoto wake kwa muda mrefu hana kiu ya mwili peke yake. Ana kiu ya kusikilizwa. Katika baa ya bandarini yuko mtu ambaye kazi yake ni kumchekea na kumwita mpenzi. Anajua kwamba cheko lile ni la kununuliwa, lakini masikio yake yamekaa na njaa.

La pili ni pesa. Melini hakuna duka kubwa wala matembezi, basi mshahara hukaa bila kuguswa. Siku ya kushuka, pesa za miezi miwili hutaka kutoka kwa usiku mmoja. Wenyeji wa bandari wanajua saa ya kufika kwa meli kama mkulima ajuavyo mwezi wa mvua. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi: mifuko ya baharia ikivuja, mji mzima hupata nafuu, ila nyumba yake.

La tatu ni kundi. Mara nyingi mtu hatoki melini akiwa amekusudia mabaya. Anatoka kunywa soda na kununua zawadi. Lakini wenzake wanamwambia, "Wewe ni mwanamume gani? Umekaliwa na mkeo mpaka huku?" Anakunywa chupa ya kwanza ili wasimcheke, na ya nne ili asijicheke. Pombe ndiyo mlango wa hatari nyingine zote za bandari: ugomvi, wizi, uzinzi, hata kuanguka majini usiku wakati wa kurudi melini. Wazee walisema, mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Wale waliomsukuma hawatakuwapo siku atakapokaa mbele ya daktari.

La nne ni lile wazo la kwamba "hapa hakuna anijuaye". Kijijini kila mtu ni jicho: kuna mama mkwe, kuna katekista, kuna jirani. Bandarini macho hayo hayapo, na kesho meli inang'oa nanga. Mtu hudhani kwamba lililotendeka ugenini litabaki ugenini. Lakini wazee wa pwani, waliojua vyombo vya baharini, walisema: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Nenda nyuma ya chombo, nenda mbele ya chombo, utarudi tu pale pale katikati. Baharia hurudi nyumbani, na bandari hurudi naye.

BANDARI ZILIZOACHA MAKOVU

Tunapoongea juu ya hatari hizi, mara nyingi tunamwonea huruma baharia na kumlaumu mwanamke wa bandarini. Historia inatufundisha vingine.

Uingereza, mwaka 1864, ilitunga sheria kwa sababu askari na mabaharia wake walikuwa wakiugua sana magonjwa ya zinaa. Katika miji kama Portsmouth na Plymouth polisi waliweza kumkamata mwanamke waliyemshuku, akapimwa, na akionekana mgonjwa akafungiwa hospitalini. Baharia hakupimwa. Ilikuwa kama kuziba tundu moja katika mtumbwi wenye matundu mawili. Mama mmoja Mkristo, Josephine Butler, aliipinga sheria hiyo kwa miaka mingi, na mwaka 1886 ikafutwa.

Ufilipino, nchi ya Wakatoliki wengi, ilikuwa na kituo kikubwa cha manowari za Marekani katika ghuba ya Subic. Kando yake uko mji wa Olongapo. Meli zikiingia, maelfu ya mabaharia walimiminika mjini, na mji ukajaa mabaa na madanguro. Wasichana walitoka vijiji maskini wakitafuta riziki, wakajikuta humo. Padre mmoja wa kutoka Ireland, Shay Cullen, alianzisha huko mwaka 1974 shirika liitwalo PREDA, na katika miaka ya 1980 alifichua kwamba hata watoto wadogo walikuwa wakiuzwa. Mwaka 1991 Baraza la Seneti la Ufilipino lilikataa mkataba mpya wa kituo hicho kwa kura 12 kwa 11, na mwezi wa Novemba 1992 manowari ziliondoka. Lakini watoto waliobaki nyuma, waliozaliwa na mabaharia na ambao hawakuwajua baba zao, hawakuondoka na meli. Wako huko, wengine leo ni watu wazima wenye watoto wao.

Na Mombasa yetu je? Sisi tunaijua hadithi hii kutoka upande wa wenye mji. Mwaka 1980 serikali za Kenya na Marekani zilipatana kwamba manowari za Marekani zitumie bandari yetu. Mwezi wa Agosti mwaka ule ule, baharia kijana wa Marekani alimwua mwanamke Mkenya mjini Mombasa. Korti ilimtaka tu atie sahihi dhamana ya shilingi 500 kwamba atakuwa na mwenendo mwema kwa miaka miwili. Wakenya wengi waliona uchungu kwamba uhai wa mtu ulipewa bei kama hiyo.

Basi, bwana mpendwa, ukishuka katika bandari ya watu, kumbuka: yule unayetaka kumnunua kwa usiku mmoja ni binti wa mtu, kama yule aliyeuawa Mombasa alivyokuwa binti yetu. Mungu hakuumba wanawake wa aina mbili, wa nyumbani wa kuheshimiwa na wa bandarini wa kutumiwa. Na uliza pia: nikiondoka kesho, je, nimeacha mtoto hapa?

MAGONJWA HAYAULIZI PASIPOTI

Tangu zamani meli zimebeba magonjwa pamoja na shehena. Mwaka 1976 madaktari waligundua aina ya kisonono isiyosikia penisilini. Wagonjwa wa Marekani walihusishwa hasa na watu waliotoka Mashariki ya Mbali, Ufilipino ikiwemo. Dawa iliyokuwa imezoeleka kwa miaka mingi haikufua dafu, na ugonjwa ukavuka bahari kwa njia ya watu waliojiona wazima.

Mjue mambo haya, kwa sababu haya ndiyo yanayofika kitandani kwenu:

Kwanza, kisonono na klamidia huweza kukaa mwilini bila maumivu yoyote, zaidi kwa mwanamke. Bibi anaweza kuumizwa kizazi chake bila kujua, na baadaye watu wanamwita tasa.

Pili, kaswende huanza kwa kidonda kisichouma, na kidonda hicho hupona chenyewe. Mtu hufurahi kumbe ugonjwa umeingia ndani. Mama mwenye mimba humwambukiza mtoto tumboni, na mtoto huweza kufa au kuzaliwa na kilema. Lakini kaswende inatibika kwa sindano, ikijulikana mapema.

Tatu, virusi vya UKIMWI. Kenya ilimjua mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1984, na kila parokia imezika watu wake. Leo, kwa neema ya Mungu na kazi ya waganga, mambo si kama zamani. Mtu aliyehatarishwa akifika hospitalini kabla ya saa 72 kupita, anaweza kupewa dawa za kuzuia maambukizi. Na kadiri anavyowahi ndivyo bora. Aliyeambukizwa akimeza dawa zake sawasawa, mpaka virusi visionekane tena katika kipimo, huishi miaka mingi na hamwambukizi mwenzake. Lakini hakuna dawa inayomsaidia mtu asiyepimwa. Na kipimo cha siku chache baada ya tendo huweza kukosa kuona kitu. Ni lazima kurudia baada ya miezi mitatu.

SHERIA NA HILA

Hatari nyingine ni ya sheria. Baharia akishuka, yuko chini ya sheria za nchi ya watu. Mwezi wa Oktoba 2012, wanajeshi wawili wa majini wa Marekani waliokuwa Okinawa, Japani, kwa siku chache tu, walilewa na kumnajisi mwanamke. Mwaka uliofuata korti ya Japani iliwafunga, mmoja miaka 10 na mwingine miaka 9. Kwa ajili ya kosa la watu wawili, askari wote wa Marekani walioko Japani walikatazwa kutoka usiku. Usiku mmoja wa pombe, na wazazi kule kwao wakabaki kuhesabu miaka.

Na wenye vyeo wasidhani wao wako salama. Mfanyabiashara mmoja aliyehudumia meli za Marekani katika bandari za Asia, Leonard Glenn Francis, alikuwa akiwakaribisha maofisa kwa karamu, hoteli za fahari na makahaba. Alichotaka ni siri za safari za meli, na meli zipelekwe katika bandari alizozishika yeye, ili aitoze serikali bei ya juu. Alikamatwa mwaka 2013, na mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha miaka 15. Maofisa kadhaa walifungwa pia, watu wenye wake na watoto. Yote yalianza kwa chakula cha jioni cha bure. Mwanamaji akipewa kinywaji na mtu asiyemjua, ajiulize: huyu ananunua nini?

NA ALIYEBAKI NYUMBANI?

Tusimsahau bibi. Yeye hashuki bandari yoyote, lakini naye ana bahari yake ya kuvuka. Watoto wanaugua yeye yuko peke yake. Karo inatakiwa. Usiku ni mrefu. Majirani wanamwambia, "Wanamaji wana mke kila bandari," nao wanacheka, lakini yeye halali. Tena yuko shemeji au mwenye duka anayekuja "kusaidia" mara nyingi kuliko inavyotakiwa. Kitabu cha Mithali, sura ya 7, kinasimulia juu ya mke ambaye bwana wake alikwenda safari ya mbali. Hatari haikuwa kwa msafiri peke yake.

Kuna akina mama ambao, kwa hofu, hufanya simu kuwa kesi. Bwana akipiga simu anasalimiwa kwa maswali: "Uko wapi? Na nani? Mbona jana hukupokea?" Baada ya siku chache bwana anaona uvivu kupiga. Mama, ukimwekea bwana wako mahakama kila apigapo simu, baa itamwekea kiti. Mwulize mambo yako, naam, lakini kwanza mpe habari za nyumbani: mtoto ameota jino, mahindi yamekomaa, ndugu yako amepata kazi. Mtu aliyejaa habari za kwake hana nafasi kubwa ya hadithi za baa.

MFANYE NINI?

Kabla ya safari. Kaeni chini ninyi wawili, si kwa dakika tano mlangoni, bali jioni nzima. Ongeeni juu ya pesa: kiasi gani kiingie moja kwa moja katika akaunti ya nyumbani, na kiasi gani bwana abaki nacho. Pesa ambayo haiko mfukoni haiwezi kunywewa. Ongeeni pia juu ya vishawishi bila kuoneana haya. Bwana aweze kusema, "Mimi nikiwa mpweke hudhoofika," na bibi aweze kusema, "Mimi nikikaa bila habari hujawa na mawazo mabaya." Kusema hivyo si kukosa uaminifu, ni kuulinda. Kisha pokeeni Sakramenti ya Kitubio na Ekaristi pamoja kabla ya siku ya kuondoka.

Wakati wa safari. Bwana wetu aliwatuma wanafunzi wake wawili wawili, kama tunavyosoma katika Injili ya Marko, sura ya 6. Wanamaji wa Marekani nao wana desturi ya kushuka na mwenzi katika bandari nyingi, asitoke mtu peke yake. Chagua mwenzi wako kabla ya kufika, mtu anayemheshimu mkewe, na mpatane saa ya kurudi. Amua mapema utakwenda wapi: kanisani, sokoni, nyumba ya mabaharia, uwanja wa mpira. Asiyepanga jioni yake hupangiwa na wengine. Katika bandari nyingi ziko nyumba za Stella Maris na za Wakristo wenzetu wa madhehebu mengine, zenye chai, simu, sala na kiti cha kukalia. Mama mmoja Mwingereza, Agnes Weston, alianza kazi ya namna hii kwa kuwaandikia barua wanajeshi waliokuwa mbali, na mwaka 1876 akafungua huko Devonport nyumba ambapo baharia aliweza kula na kulala bila pombe. Aligundua jambo ambalo kila bibi alijue: barua moja ya upendo humshika mtu kuliko makatazo kumi. Ikiwa mtandao haupatikani baharini, mwandikie bwana karatasi kadhaa kabla hajaondoka, afungue moja katika kila bandari.

Baada ya safari. Msitegemee kwamba mtazoeana siku ile ile. Bibi amezoea kuamua mambo peke yake; bwana amezoea amri na kengele. Mpeane siku kadhaa. Bwana asianze kwa kukagua matumizi, na bibi asianze kwa kukagua mifuko. Ukisha kunywa chai, kaeni mwulizane, "Kitu gani kilikuwa kigumu kwako?" Naye anayeulizwa ajibu ukweli.

AKIWA AMEANGUKA

Sasa turudi kwa yule bwana aliyelala akielekea ukutani. Afanyeje?

Kwanza, kule kutomkaribia mkewe kulikuwa na chembe ya upendo ndani yake: hakutaka kumwambukiza. Lakini upendo unaonyamaza unaumiza. Mkewe amekwisha kujihukumu bila kosa.

Aende kwa daktari bila kukawia, apimwe yote, si kitu kimoja. Aende kwa padre, aungame. Siri ya maungamo haitoki, hata padre akitishwa. Hapo atapata msamaha wa Mungu na shauri la namna ya kusema na mkewe.

Halafu amwambie mkewe. Wengine watauliza, "Kwa nini nimwumize, na Mungu amekwisha nisamehe?" Ndugu, afya ya mkeo si mali yako ya kuchezea. Pale ambapo mwili wake, au mtoto aliye tumboni, wamewekwa hatarini, ana haki ya kujua kabla hamjakutana tena. Mwambie mahali pa faragha, watoto wakiwa hawapo, ukiwa hujanywa. Usieleze kila jambo la usiku ule. Eleza kosa, omba msamaha, wala usimlaumu yeye, wenzako au pombe. Usiseme "nilikukosa sana ndiyo maana". Aliyemkosa mkewe huandika barua.

Mpaka majibu yote yatoke, mkae bila kukutana kwa mapatano. Mtakatifu Paulo anawaruhusu watu wa ndoa kufanya hivyo kwa muda, wakikubaliana, ili wasali (1 Kor 7). Bibi naye apimwe.

Na wewe bibi, una haki ya kulia na ya kukasirika. Msamaha wa Kikristo hauji kwa amri ya mtu wa tatu, wala si lazima uje usiku ule ule. Mpe Mungu nafasi. Chagua mtu mmoja mwenye hekima wa kumweleza, usilitangaze sokoni, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki. Kanisa halikulazimishi kunyamaza. Sheria yake, kanuni ya 1152, inakusihi usamehe, lakini inakiri kwamba aliyekosewa kwa uzinzi ana haki ya kutengana na mwenzake kama hakumsamehe. Wala kusamehe si kukataa kipimo: mtu aweza kusamehe leo na kupimwa kesho.

Katika mfano wetu, tuseme bwana alisema. Bibi hakupiga kelele. Alitoka akakaa barazani mpaka alfajiri. Halafu aliingia, akasema maneno mawili: "Twende kliniki." Walikaa kwenye benchi moja bila kuongea, wakaingia pamoja, na wakarudi tena pamoja baada ya miezi mitatu. Je, ndoa ilipona siku hiyo? Hapana. Lakini benchi lile lilikuwa mahali pa kwanza walipokaa upande mmoja tangu meli irudi. Ndoa nyingi zimeanza kupona mahali penye unyonge kama pale.

Wazee walituonya: usiache mbachao kwa msala upitao. Mkeka wako umechakaa, lakini ndio unaokungoja nyumbani. Ule msala mzuri unapita tu, na mwenyewe anaupeleka kwa mwingine.

MASWALI YA KUONGEA NYINYI WAWILI

1. Mmoja wetu akiwa mbali, ni saa gani ya siku iliyo ngumu zaidi kwa kila mmoja wetu? Tufanye nini saa hiyo?

2. Je, simu zetu zinajenga, au ni maswali ya polisi tu?

3. Ni rafiki gani wa bwana, na rafiki gani wa bibi, anayetusaidia kuwa waaminifu? Ni nani anayetuvuta?

4. Tumepima damu lini mara ya mwisho, sote wawili?

5. Katika Jumuiya yetu Ndogo ya Kikristo, ni nani aliyeachwa peke yake na mwenzake msafiri? Tutamtembelea lini?

Maria, Nyota ya Bahari, uwaombee wote walio safarini na wote wanaowangoja. Amina.